Makato ya nyumba ninayalipa kila mwezi, lakini anayelala barazani mwa duka yumo katika sera ya nani?

Karani wa Zamu ya Usiku:

Ndugu zangu, ninaomba tulijadili suala hili kwa utulivu, kwa sababu kila ninapolizusha kazini hugeuka kuwa mabishano ya vyama vya siasa kabla hata chai haijapoa. Mimi ni karani katika ghala moja lililoko Eneo la Viwandani, Nairobi, na mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 38,000. Tangu katikati ya mwaka 2023, isipokuwa kipindi kifupi cha mwanzo wa 2024 ambapo mahakama iliyasimamisha, stakabadhi yangu ya mshahara imekuwa na mstari wa makato ya nyumba: shilingi 570, ambazo ni asilimia 1.5, na mwajiri wangu naye hutoa 570 nyingine. Kiasi chenyewe hakinikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi, na usingizi wangu ni wa mchana, ni kile ninachokiona nikitoka kazini.

Saa kumi na moja alfajiri hupita Barabara ya Ronald Ngala kwenda kupanda matatu Tom Mboya. Kwenye baraza la duka moja la vitambaa hulala mwanamke na watoto wake wawili. Nimempita mara nyingi kiasi kwamba utaratibu wake nimeushika: hukunja katoni tatu, huzifunga kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa baiskeli, huzichomeka nyuma ya meza ya muuza njugu, kisha humwamsha mtoto mkubwa, ambaye hulala akiwa amevaa sweta lake la shule. Yote hayo sharti yakamilike kabla mlinzi hajafika na ndoo ya maji ya sabuni, kwani yeye humwaga maji barazani, awepo mtu asiwepo. Juma lililopita nilimsalimia, tukazungumza kwa dakika chache. Nilikuwa nimejijengea dhana kwamba amekulia barabarani. Kumbe hadi Februari alikuwa mpangaji kama mimi, katika chumba kimoja mtaani Huruma, kodi shilingi 4,000 kwa mwezi. Vibarua vya kufua nguo vilipopungua na deni likafika miezi miwili, mwenye nyumba aliweka kufuli lake juu ya lile la mpangaji, na vyombo vyote vikabaki ndani.

Swali langu basi ni hili. Serikali kuu inatukata fedha kwa jina la nyumba, na imejiwekea lengo la kujenga nyumba 200,000 kila mwaka. Je, katika mpango huo wote mwanamke huyu ana mahali pake? Au sera ya nyumba ni jambo moja, na watu wasio na makao ni jambo jingine, la kuachiwa kaunti na wahisani? Na nikitaka kuandika barua, niipeleke kwa nani?

Wakili Mstaafu, South B:

Ndugu Karani, nimefanya kazi ya uwakili kwa zaidi ya miaka 30 na swali lako la mwisho ndilo ambalo wateja wangu walikuwa wakilisahau, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Katiba ya 2010 imeligawa jukumu hili mahali ambapo watu wengi hawafiki wanapoisoma, yaani katika Jedwali la Nne. Serikali ya kitaifa imepewa sera ya nyumba. Kaunti imepewa nyumba, kama sehemu ya mipango na maendeleo ya kaunti. Maneno ni machache mno, na uchache huo ndio uliozaa mvutano tunaouona, kwani leo hii anayetunga sera ndiye huyo huyo anayepokea fedha, anayetafuta ardhi, anayetoa zabuni na anayekabidhi funguo, huku kaunti ikibaki kama jirani anayegongewa mlango pale tu sahihi yake inapohitajika. Juu ya mgawanyo huo kuna Kifungu cha 43, kinachompa kila mtu haki ya kupata nyumba inayofaa na mazingira safi kwa kiwango cha kuridhisha, na Kifungu cha 21, kinachoitaka Serikali ichukue hatua za kisheria na za kisera ili haki hiyo itimizwe hatua kwa hatua. Uzito umo katika neno “kila mtu”. Katiba haikusema kila mfanyakazi, wala kila aliyejiandikisha.

Mahakama ya Juu ilipata nafasi ya kulifafanua neno hilo katika kesi ya Mitu-Bell. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, walibomolewa makao yao Novemba 2011, wakaenda mahakamani, na safari yao ikaifikisha kesi kwenye Mahakama hiyo, iliyotoa hukumu Januari 2021. Mahakama ilisema kwamba haki ya nyumba, katika umbo lake la chini kabisa ambalo ni paa la kujisitiri, si lazima itokane na hati ya kumiliki ardhi, na kwamba watu wasio na ardhi wanaojijengea makao kwenye ardhi ya umma hupata haki ya makao inayostahili kulindwa, ingawa ardhi yenyewe haiwi yao. Kabla ya hukumu hiyo, Bunge lilikuwa limekwisha kuingiza katika Sheria ya Ardhi, mwaka 2016, masharti ya namna ya kuhamisha watu: notisi ya miezi mitatu isiyopungua, maafisa wajitambulishe, watoto na wazee walindwe, na wanaohamishwa wapewe kwanza nafasi ya kubomoa na kuokoa mali yao kwa mikono yao wenyewe. Nimeona tingatinga likifika saa tisa usiku mara nyingi kuliko nilivyoona masharti hayo yakifuatwa, lakini sheria ipo.

Tatizo ni kwamba yote niliyoyataja humlinda aliye na kibanda asibomolewe ovyo. Mwanamke wako wa Ronald Ngala hana cha kubomolewa.

Kuhusu makato, historia yake kwa ufupi ni hii. Mahakama Kuu iliyabatilisha Novemba 2023, miongoni mwa sababu ikiwa ni kwamba yaliwalenga walioajiriwa rasmi pekee bila sababu ya kuridhisha. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuyaruhusu yaendelee huku rufaa ikisubiriwa. Machi 2024 ikatiwa sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo inamgusa pia mwenye kipato kisicho cha mshahara, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaiacha isimame. Sheria hiyo inazigawa nyumba kwa kipato: nyumba za kijamii ni za anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu ni za anayepata kati ya 20,000 na 149,000, na kuna ngazi nyingine juu ya hapo. Kwa hesabu ya karatasi, mfua nguo wa Huruma yumo katika ngazi ya kwanza. Aingieje ndani ya nyumba yenyewe bila akiba ya kuanzia, hilo ni suala jingine.

Barua yako iende kwa idara ya serikali kuu inayosimamia nyumba na maendeleo ya miji, nakala moja kwa kaunti na nyingine kwa mbunge wako.

Msomaji wa Ngara:

Mnaandika vizuri, lakini wengi wa hawa watu wana mashamba kwao mashambani na wanakataa kurudi. Wengine huchukuliwa, hupewa kitanda na chakula, na baada ya juma moja wako pale pale barabarani. Kwa nini mtu wa mshahara abebeshwe mzigo huo?

Mfunga Nondo:

Kaka Karani, mimi nimefunga nondo katika mradi wa nyumba za serikali huko Mukuru, ule uliojengwa kwenye ardhi ya idara ya utabiri wa hali ya hewa, kwa hiyo sitajifanya sina upande. Kabla ya hapo nilikuwa nikisimama langoni kwa majengo ya watu binafsi kila asubuhi nikingoja kuitwa, na siku nyingi nilikuwa nikirudi nyumbani saa nne na zana zangu zikiwa safi. Katika mradi nilipata kazi ya mfululizo kwa mwaka mzima na miezi mitatu. Mradi huo umepangiwa nyumba 13,248, na Mei 2025 Rais alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza. Baada ya hapo nilirudi kurekebisha kasoro ndogondogo katika jengo moja, nikamwona mama mmoja akifungua bomba la jikoni, akilifunga, akilifungua tena, mara nne au tano, bila chombo chochote chini yake. Alitaka tu kuona kwamba maji yanatoka kila anapoyaita.

Mwaka 2017 serikali iliyotangulia iliahidi nyumba 500,000 kufikia 2022, na sote tunajua hazikufika popote karibu na idadi hiyo. Tofauti ya safari hii ni kwamba fedha zipo kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Nyumba hazijengwi kwa hukumu za mahakama, kwa heshima zote Mzee Wakili. Na kila familia inayohamia ghorofani inaacha chumba chake cha mabati, ambacho mwingine aliye chini yake atakiingia. Mpeni mpango huu miaka kumi kabla ya kuuhukumu.

Mama wa Kwa Reuben:

Fundi mwanangu, kazi yenu niliiona na sina neno nayo, ila hilo la chumba kinachoachwa acha nikusahihishe, kwa sababu mimi naishi katika vyumba hivyo hapa Mukuru tangu 1998. Jirani yangu wa mlango wa tatu alipata nyumba katika ule mradi. Aliondoka Jumamosi. Jumatatu mwenye kibanda alileta fundi, akabadilisha bati moja na kupaka sakafu saruji, na chumba kilichokuwa cha shilingi 3,000 kikawa cha 3,800. Aliyekiingia ni kijana wa kazi ya kiwandani aliyekuwa akipanga mahali pa gharama zaidi. Hakuna aliyetoka barabarani akaingia pale.

Hapa ndipo ninapoona sera inakosea njia. Nairobi ni mji wa wapangaji. Sisi wengi wetu hatununui nyumba hapa, wala hatuna nia. Tunapanga, tunasomesha, tunajenga nyumbani. Lakini ukiisikiliza serikali kuu ikizungumzia nyumba, utasikia habari za kumiliki: jiandikishe, weka akiba, lipa kidogo kidogo, iwe yako. Ya mpangaji ni nini? Iko Sheria ya Kudhibiti Kodi, na lipo baraza lake la kusikiliza malalamiko. Sheria hiyo inamhusu anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni leo chumba cha shilingi 2,500 Nairobi ambacho hakipitishi mvua. Yaani kinga iliyowekewa maskini imebaki pale pale huku kodi ikipanda, hadi maskini mwenyewe amejikuta nje yake. Kubadilisha tarakimu moja katika sheria hakuhitaji saruji wala nondo.

Nawaomba pia msifikiri kwamba serikali haijawahi kujaribu. Katika miaka ya 70, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja takriban 6,000 pale Dandora, ikaweka maji na choo, na kumwachia mwananchi ajijengee vyumba vilivyobaki. Wako waliouza viwanja mapema, na wako waliojenga vyumba vya kupangisha hadi uani, ndiyo Dandora mnayoijua. Lakini ilizaa vyumba vya watu wa hali ya chini kwa wingi ambao sijauona tangu hapo. Halafu ikaja Kibera. Mwaka 2009 watu wa Soweto Mashariki walihamishiwa majengo ya Lang’ata, wakae kwa muda huku kwao kukijengwa. Familia tatu ziliwekwa katika nyumba moja, kila moja chumba chake, jiko na choo vya pamoja. Nyumba 822 za kwanza kule Kibera zilikamilika 2016. Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza aliirudia Kibera akiwa mwanafunzi wa darasa la nane.

Na sisi wa Mukuru tuliwahi kuulizwa. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, tukakaa vikao kwa makundi ya nyumba kumi kumi. Katika kundi letu hakuna aliyetaja ghorofa. Mtu wa kwanza alisema choo. Wa pili alisema njia ya gari la zimamoto, kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza kila kitu huku gari likiwa limekwama barabarani mita 200 kutoka mlangoni pake. Wa tatu alikuwa mimi, nikasema maji, maana tulikuwa tukinunua mtungi kwa bei ambayo watu wa mitaa ya kifahari hawaijui.

Sasa nimalize la mwanamke wa Ronald Ngala, kwa maana namjua ingawa sijamwona. Oktoba 2021 walipobomoa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, maelfu ya watu walilala juu ya vifusi kwa majuma mengi, mvua ikiwanyeshea. Wakati wa mafuriko ya 2024 serikali iliamuru waliojenga kando ya mito wahame, ikabomoa Mathare na huku kwetu, na kuahidi kila familia shilingi 10,000. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, kwa hiyo nilikuwa nikihesabu kaya zangu. Kati ya kaya 11 nilizozipoteza kwenye daftari langu wakati ule, sita zilipata vyumba jirani, tatu zilirudi mashambani, na mbili nilizikuta mjini miezi mitano baadaye, moja ikiwa na mtoto mchanga. Anayelala barazani leo jana alikuwa kwenye daftari la mtu.

Aliyewahi Kulala Nje:

Ninamjibu Msomaji wa Ngara, bila hasira, kwa sababu hayo ayasemayo niliyasikia kila siku juu ya kichwa changu nikiwa nimejifunika gunia.

Nililala nje kwa miaka minne, zaidi ya miwili ikiwa mtaani Mlango Kubwa. Sikuwa na shamba. Marehemu baba yangu alikuwa mpangaji, na babu yangu alikuwa mpangaji katika nyumba za reli kule Muthurwa, nyumba ambazo serikali ya kikoloni ilizikusudia kwa mwanamume mfanyakazi na si kwa familia yake. Ukiniambia nirudi kwetu, kwetu ni wapi? Ni kweli nilikwenda kwenye kituo kimoja cha kuwapokea watoto nikatoroka, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilitoroka kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameachwa nje akiwa peke yake. Mara ya pili ni kwa sababu niliambiwa nitakaa miezi mitatu, na hakuna aliyeweza kunijibu ni nini kingefuata baada ya hapo. Kitanda cha miezi mitatu ukikilinganisha na nafasi nzuri ya kulala mjini, ambayo ukiondoka siku mbili inachukuliwa na mwingine, si uamuzi rahisi kama unavyoonekana kutoka Ngara.

Kilichonitoa ni serikali kuu, na ninalisema hilo waziwazi kwa sababu si mara nyingi tunaisifu. Mwaka 2003 serikali mpya ilikusanya watoto na vijana wa mitaani, na baadhi yetu tukapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Nilikuwa na miaka 17. Nilijifunza kazi ya mabomba, na hadi leo ndiyo inayonilisha. Mwaka huo huo uliundwa mfuko wa kitaifa wa kuzirekebishia maisha familia za mitaani. Basi serikali ikitaka inaweza.

Lakini tazameni mfuko huo umewekwa wapi. Uko upande wa Wizara ya Kazi na Ulinzi wa Jamii. Nyumba ziko katika wizara nyingine, pamoja na ardhi na ujenzi wa umma. Hapo ndipo jibu la Karani lilipo. Kwa serikali yetu, mtu aliye barabarani ni suala la ustawi wa jamii, kama ulemavu au uyatima. Anapewa blanketi, ushauri nasaha, pengine karo. Kwamba anachokikosa ni chumba, hilo haliandikwi kwenye faili lake, kwa kuwa faili lenyewe halifiki kwenye wizara yenye vyumba. Mwaka 2018 walihesabiwa watu wa mitaani nchi nzima, wakapatikana 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa hapa Nairobi. Mimi nilikuwa nimetoka zamani, lakini nilisaidia kuonyesha njia usiku ule katika eneo letu la zamani, na nakumbuka karatasi ya maswali ilivyokunjwa na umande. Sasa chukueni hiyo 15,337 muiweke kando ya lengo la nyumba 200,000 kwa mwaka. Hao wote wangetoshea kwenye kona moja ya mpango huo, tena bila kila mmoja kuhitaji nyumba yake, kwa sababu wengi ni familia.

Sheria ya uzururaji iliyokuwa ikimruhusu polisi kukukamata kwa sababu tu huna makao ilifutwa 1997. Askari wa kaunti hawajaisahau. Nilikamatwa kwa “kuzurura” mara tatu baada ya sheria hiyo kufutwa, na kila mara nilipotolewa nilirudishwa bila katoni zangu.

La mwisho ni kitambulisho. Ili ujiandikishe kwenye Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizi, unahitaji nambari ya kitambulisho. Ili mwenye nyumba yeyote wa maana akupangishe anataka nakala yake. Kijana aliyekulia mtaani akifika miaka 18 huambiwa alete kitambulisho cha mzazi. Mimi cha kwangu nilikipata kwa sababu ofisa mmoja wa Huduma ya Vijana alikubali kunisindikiza hadi ofisi ya usajili mara nne. Muulizeni yule mama kama chake anacho.

Mfunga Nondo:

Mama, nimesoma hilo la chumba cha 3,800 mara mbili. Sikuwa nimelifikiria kwa njia hiyo, kwa kuwa sisi tukimaliza jengo huondoka. Bado nasema zijengwe. Lakini ikiwa nyumba inalipiwa kwa fedha ya umma, sioni sababu ya kutozitenga baadhi ziwe za kupangishwa na serikali yenyewe kwa kodi ndogo, zisiuzwe kabisa. Pale Jericho, Kaloleni na Ofafa kuna watu waliozaliwa na kuzeeka katika nyumba za kupanga kutoka kwa baraza la jiji. Paa zinavuja na mabomba yamechoka, lakini hawajawahi kulala nje.

Wakili Mstaafu, South B:

Fundi amegusa jambo ambalo sheria hailikatazi. Niongeze tu kwamba nyumba ikishauzwa chini ya mpango huu, mnunuzi haruhusiwi kuiuza tena bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, sharti ambalo limewekwa kuzuia yaliyotokea Dandora. Ni sharti zuri, lakini litahitaji wakaguzi, na sijawahi kuona serikali yetu ikiwa na subira ya kukagua jengo baada ya utepe kukatwa. Nyumba ya kupangisha iliyobaki mikononi mwa umma haihitaji sharti hilo.

Kuhusu kufuli la Huruma, Ndugu Karani, usiliache lipite. Mwenye nyumba anayedai kodi ana njia yake ya kisheria ya kushika mali ya mpangaji, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, kwa utaratibu unaojulikana. Kufuli si dalali. Kodi ya 4,000 inamtoa mama huyo nje ya lile baraza alilolitaja Mama wa Kwa Reuben, kwa hiyo atalazimika kwenda mahakamani, lakini mara nyingi barua moja ya wakili hutosha kuufungua mlango. Barua hiyo nitaiandika mimi, bila malipo. Mwambie atengeneze orodha ya vilivyomo ndani.

Karani wa Zamu ya Usiku:

Nawashukuru nyote. Nimepiga hesabu nikiwa kwenye matatu. Deni lake ni shilingi 8,000. Kuingia chumba kingine cha bei ile ile kunataka kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, 8,000 nyingine. Jumla 16,000. Makato yangu na ya mwajiri wangu kwa pamoja ni 1,140 kwa mwezi, kwa hiyo makato ya karani mmoja kwa miezi 14 yanapungukiwa na shilingi 40 tu kumrudisha mama mmoja na watoto wawili chini ya paa. Hesabu hiyo nitaiweka katika aya ya kwanza ya barua ya serikali kuu, pamoja na ile tarakimu ya 2,500 na swali la kwa nini mfuko wa familia za mitaani na fedha za nyumba zikae katika wizara mbili zisizosomeana mafaili. La Fundi la nyumba za kupangisha litakuwa ombi lenyewe.

Leo alfajiri nilimkuta akikunja katoni ya pili. Nilimweleza habari ya orodha, akanitajia huku mimi nikiandika nyuma ya stakabadhi yangu ya mshahara: kitanda cha futi tatu na nusu, godoro, mtungi wa gesi wa kilo sita, sufuria nne, karai mbili za kufulia, redio isiyofanya kazi, sare moja ya shule, vyeti viwili vya kuzaliwa, na kitambulisho chake, ambacho kiko kwenye pochi nyeusi iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.